Mfereji Tuliouchora Kitambaani

Nyinyi walimu vijana mnaokuja kunitembelea hapa Githongo, mnanikuta nikichuma kahawa yangu, halafu mnaniuliza: Mwalimu Kagendo, sanaa hufundishwaje? Mnauliza mkiwa mmesimama, simu mkononi, kama mtu anayeulizia njia ya kwenda stejini. Leo ketini. Chai iko kwenye chupa na viazi vitamu viko jikoni. Ila niwaonye mapema kwamba sina mpangilio. Mimi husimulia kama nilivyokuwa nikifundisha, na wakaguzi walilalamika mpaka nikastaafu.

Tuanze na rangi, kwa sababu najua mtalia kwamba shule haina rangi. Shule gani huku kwetu haina udongo? Chukua udongo mwekundu wa huku juu, uponde, uupepete kwa kipande cha neti kuukuu ya mbu, kisha ukoroge na gundi ya mbao iliyoongezwa maji. Huo ni wekundu ambao mvua haiwezi kuuondoa. Nyeusi ni makaa. Njano iko kwenye kingo za mito, ukitafuta. Kijani cha kukamua majani msijisumbue nacho, kinapauka kabla mzazi hajakiona. Shida ni buluu. Mungu hakuweka udongo wa buluu Meru, au kama aliuweka, aliuficha vizuri. Mimi nilinunua bluu ya kufulia, ile ya kung'arisha nguo nyeupe, nikaikoroga na gundi, na watoto wakapata mbingu na maji. Mama mwenye duka alidhani nina mashati meupe kuliko kanisa zima.

Brashi ni mkonge. Kata kipande, ponda ncha moja kwa jiwe mpaka nyuzi zifunguke, kisha uioshe vizuri kwa sababu utomvu wake unawasha. Nawaambia hivyo kwa kuwa mara ya kwanza sikuosha, na darasa zima lilijikuna mpaka saa ya kwenda nyumbani.

Sikujifundisha hayo peke yangu. Nilipoanza kazi nilimkuta Mwalimu Mwongera, mzee mrefu aliyevaa koti moja miaka yote, na yeye ndiye aliyenilea katika kazi hii. Siku moja nilikuwa nasahihisha michoro, nikaona ng'ombe mwenye miguu mitano. Nikachukua penseli nimwondolee mmoja. Mwongera aliikamata ile penseli mkononi mwangu, akaniambia nimwulize kwanza mwenye ng'ombe. Nikamwita mtoto, nikamwambia anieleze picha yake. Akanieleza bila haraka kwamba ndama amesimama nyuma ya mama yake, na mguu wake mmoja ndio unaoonekana. Tangu siku hiyo sikuwahi tena kuweka mkono wangu kwenye picha ya mtoto, wala kumwuliza mtoto "hiki ni nini?" Swali hilo linamwambia kwamba hujakielewa na kwamba kosa ni lake. Mwambie, "Niambie kuhusu hii." Halafu ufunge mdomo.

Sasa nije kwenye kitambaa, maana najua ndicho kilichowaleta.

Mwenzangu mmoja wa Meru mjini alinipigia simu akaniambia kuna walimu wa nchi mbalimbali wamekubaliana jambo. Shule moja inachora nusu ya kitambaa kikubwa na kuacha nusu nyingine wazi. Kitambaa kinasafiri mpaka nchi nyingine, na watoto wa huko wanachora nusu iliyobaki, ili picha mbili ziwe moja. Mada ilikuwa amani duniani. Sisi tulipangiwa shule moja ya Japani. Nilikubali kabla hajamaliza kueleza, kisha nikakata simu na kujiuliza nimekubali nini.

Wakati huo nilikuwa nafundisha shule ya huku juu, kwenye kahawa na ndizi. Lakini kila Jumatano mchana nilishuka kwa bodaboda mpaka shule ya chini, kule ambako kahawa huishia na mawele na ndengu huanzia, kwa sababu hawakuwa na mtu wa kufundisha sanaa. Nikaona kitambaa kichorwe na shule zote mbili pamoja. Mwalimu mkuu wa chini, mtu mpole sana, aliniuliza kama nimefikiri vizuri. Nilimwambia ndiyo. Sikuwa nimefikiri.

Maana kati ya juu na chini kulikuwa na mfereji, na mfereji ulikuwa na kesi.

Mfereji huo huchota maji kwenye kijito cha mlimani, hupita kwenye mashamba ya juu, na zamani ulishuka mpaka chini. Kiangazi kimoja maji yalipungua. Watu wa juu walisema wa chini wamebomoa ukingo ili wajipatie zaidi. Watu wa chini walisema wa juu wanamwagilia mpaka majani ya ng'ombe huku wao wakinywa tope. Mawe yakarushwa, mtu akavunjwa mkono, chifu akaita mkutano, na mkutano wenyewe ukavunjika. Mwishowe kamati ya mfereji iliweka mlango wa chuma pale maji yanapogawanyika na kuufunga kwa kufuli kubwa. Ufunguo ulikaa mfukoni mwa mwenyekiti, ambaye ni mtu wa juu na aliitwa Baba Mwenda. Alikuwa na kahawa nzuri na sauti nene, na mwanawe Mwenda alikuwa darasani kwangu.

Watoto wa pande hizo mbili zamani walicheza kandanda pamoja. Baada ya kesi, mpira ulikwisha. Na huko chini kulikuwa na msichana wa darasa la sita aliyeitwa Kathure, ambaye kila alfajiri alikwenda mtoni na mama yake na punda kabla ya kuja shuleni. Jumatano alikuwa ananisinzilia mezani, na sikuwahi kumwamsha kabla ya saa ya rangi.

Basi Jumatano ya kwanza nikashuka na kitabu changu chenye picha ya njiwa mweupe mwenye tawi la majani mdomoni. Nikamchora ubaoni kwa madoido yote. Nikawaeleza kwamba dunia nzima huyu ndiye ndege wa amani. Nikawaambia wachore amani.

Walichora kwa bidii ambayo sijawahi kuona. Nikapita kati ya madawati. Njiwa alikuwepo kwenye kila karatasi, na kwenye kila karatasi kulikuwa na mtoto mwenye manati akimlenga. Mmoja alichora mtego. Kathure alichora sufuria juu ya mafiga, na miguu miwili myembamba ikichungulia nje.

Nikamwambia, "Kathure, niambie kuhusu hii."

"Mwalimu, huyu ndege ndiye anamaliza mawele yetu," akasema. "Tunakosa shule tukimfukuza. Siku hayuko, hiyo siku ndiyo tuko na amani."

Darasa zima likatikisa kichwa kukubali. Nilicheka mpaka nikaegemea ubao, na njiwa wangu mzima akanihamia mgongoni. Nilirudi juu kwa bodaboda nikiwa nimebeba ndege wa amani kwenye sweta, na yule kijana wa pikipiki hakuniuliza chochote. Mnacheka, lakini hilo ni somo. Alama iliyotoka mbali huja na adabu zake, na ikifika huku hukuta tuna mambo yetu wenyewe. Usimlazimishe mtoto mwenye mawele ampende njiwa kwa sababu kitabu kimesema.

Wiki iliyofuata nilikuja bila kitabu. Niliwaambia wachore kitu ambacho kikiwepo nyumbani, watu wazima hawagombani. Nikafanya hivyo hivyo na shule ya juu, siku nyingine, bila kuwaambia wengine walichora nini. Nikaenda nyumbani na mafungu mawili ya karatasi, nikayatandaza kitandani. Watoto wa chini walikuwa wamechora mfereji. Watoto wa juu walikuwa wamechora mfereji. Wa chini waliweka punda amelala kivulini kwa sababu hana kazi. Wa juu waliweka akina baba wawili wakisalimiana juu ya daraja. Nilikaa pale kitandani na machozi yakanitoka, ya furaha na ya woga pamoja. Nilijua sasa kitambaa kitachorwa nini, na nilijua kitaniletea maneno.

Niliwapa pia kazi ya kuuliza nyumbani: zamani watu wakigombana, walipatanaje? Walileta majibu mengi, kuna aliyesema babu yake alipatana na jirani kwa sababu walichoka. Kathure alileta gichiaro. Nyinyi mliokulia mjini huenda mmelisikia neno tu, kwa hiyo niwaeleze. Zamani koo mbili zikishachoka kuumizana, au moja ikiiokoa nyingine kwenye shida, zilikula kiapo cha udugu. Tangu hapo mtu wa ukoo ule akikuomba kitu kwa jina la gichiaro, humnyimi. Humdanganyi, wala humwagi damu yake. Ukimnyima, wazee wanasema baya litakutafuta na litakupata. Wapo wanaocheka mambo hayo, lakini wanacheka wakiwa mbali. Cucu yake Kathure, yaani nyanya yake, alikuwa amemwambia kwamba ukoo wao una gichiaro na ukoo mmoja wa huku juu, akautaja. Niliposimulia hayo darasani huku juu, Mwenda alisema huo ni ukoo wao.

Hapo nilijitafutia balaa. Tulipoanza kuchora pamoja, kila Jumamosi kwenye uwanja wa kanisa lililo katikati ya juu na chini, hakuna mtoto aliyeweza kushika brashi. "Nipe hiyo buluu, kwa gichiaro." "Niachie hapo kivulini, kwa gichiaro." Wote walikuwa wamegundua koo zao ndani ya wiki moja, na wengine, nashuku, walijitungia. Kuna mtoto aliyekula chapati za wenzake watatu kwa njia hiyo. Ikanibidi nitangaze kwamba ndani ya uwanja wa kanisa gichiaro imelala mpaka saa ya kuosha brashi. Watoto wa juu na wa chini walinilalamikia kwa sauti moja, na hilo lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana.

Mtauliza wazazi walikubali vipi. Walikubali kwa sababu ya CBC, huu mtaala mpya wa shule. Mzazi wa siku hizi ameshatumwa katoni, ameshatumwa udongo wa mfinyanzi, ameshatumwa manyoya ya kuku aliye hai. Ukimwambia mtoto anatakiwa kanisani Jumamosi na kopo la makaa, anasema sawa, bora isiwe pesa. Hawakuuliza tunachora nini, na mimi sikuwa na haraka ya kuwaambia.

Kitambaa kilikuwa kirefu kama ukuta wa darasa. Tulikitandaza kwenye majani, mawe kwenye pembe, nusu moja tumeifunika kwa turubai ili isichafuke, kwa kuwa hiyo ilikuwa ya Wajapani. Kwenye nusu yetu mlima ulikaa kushoto, na kutoka mlimani mfereji ukashuka, ukapita kwenye kahawa ya wekundu na kijani cha kuchanganya njano na buluu, ukapita kwenye daraja la akina baba, ukafika kwenye mawele na punda aliyelala. Kutoka hapo ukaendelea mpaka pale nusu yetu ilipoishia, kwa sababu Kathure alisema maji hayawezi kusimama tu hewani. Bluu ya kufulia ilikwisha mara mbili. Mwenda alipewa kuchora mahali pa mlango wa chuma, kwa kuwa ndiye aliyepajua. Alichora mlango umefunguliwa, hauna kufuli.

Ilibaki Jumamosi moja. Jumatatu mwenzangu wa Meru mjini alikuwa anakichukua kitambaa kwenda kukituma na vingine, na aliniambia wazi kwamba kisipokuwa tayari, shule nyingine itachukua nafasi yetu. Kipande kilichobaki kilikuwa kipana kama meza, hapo hapo katikati, pale maji ya juu yanapokutana na maji ya chini. Kathure na Mwenda walikuwa wamepiga magoti hapo, kila mmoja na kopo lake. Mimi nilikuwa nafunga brashi iliyofumuka. Nikasikia sauti nene langoni.

Baba Mwenda alikuwa ameambiwa. Wanaume watatu wa juu walikuwa nyuma yake. Alisimama juu ya kitambaa, nikimaanisha kando yake kabisa, viatu vikigusa mlima, akakitazama kutoka juu mpaka chini.

Akaniambia, "Mwalimu, mimi nakuheshimu. Lakini hii maji si ya kuchorwa. Hii maji iko na kesi."

Nikamwambia ni kazi ya watoto. Akasema anaona ni kazi ya watoto, na anaona mtoto wake mwenyewe amemfungulia mlango mbele ya dunia nzima bila kuuliza kamati. Akasema watoto wa juu wote waweke chini brashi waende nyumbani, na upande wao wa kitambaa ukatwe, wa chini wabaki na wao. Hakupayuka. Ingekuwa rahisi zaidi kama angepayuka. Watoto wa juu walianza kusimama, mmoja mmoja, wakifuta mikono kwenye nguo zao. Mwenda alibaki amepiga magoti lakini brashi yake ilikuwa imesimama, na tone la buluu likadondokea kwenye goti lake. Mimi, mwalimu wa miaka yote hiyo, niliendelea kuifunga ile brashi iliyofumuka. Nilikuwa nafikiria mkasi. Nilikuwa nafikiria jinsi mkasi utakavyopita pale katikati na watoto wote wakitazama, na kwamba hilo ndilo somo watakalolikumbuka, si langu lolote.

Kathure akasimama. Alikuwa mdogo wa umbo, na mikono yake ilikuwa ya buluu mpaka kwenye viwiko. Alimsalimia kwanza, kama alivyofundishwa na Cucu yake. "Muga, baba."

"Muga," akaitikia Baba Mwenda, kwa kuwa salamu haikatazwi.

"Mimi ni wa gichiaro yenu," Kathure akasema, akautaja ukoo wao, jina la baba yake na jina la babu yake. "Ninaomba kitu."

Nitawaambia kweli. Sote tulijua ataomba maji. Baba Mwenda alijua ataomba maji. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wenye ufunguo, ukakaa hapo. Wale wanaume watatu walitazamana. Angeomba, sijui angejibiwa nini, na sijui nani kati yao angelala usingizi usiku huo.

"Naomba umwachie Mwenda amalize," akasema Kathure. "Kwa gichiaro."

Baba Mwenda alimtazama. Kisha akamtazama Mwenda, na goti lake la buluu. Mkono ukatoka mfukoni ukiwa mtupu.

"Amalize," akasema.

Wajuao mila wamebishana juu ya siku hiyo mpaka leo. Wengine wanasema mtoto hawezi kuomba kwa gichiaro, tena msichana. Wengine wanasema damu ya ukoo haina umri. Mimi si mtaalamu. Nilichokiona ni mtu mzima mwenye sauti nene akivuta benchi la kanisa na kuketi, na watoto wa juu wakirudi kwenye makopo yao mmoja mmoja, kama kuku wanaorudi kwenye mahindi.

Dakika chache zikapita. Kisha nikasikia kutoka kwenye benchi: "Hapo si hivyo." Nikageuka. Baba Mwenda alikuwa akielekeza kidole. Akasema mfereji haupindi kulia pale, unapinda kushoto, kwenye mparachichi. Mwenda akarekebisha. Baba yake akasema maji kwenye daraja huwa na povu. Wakaweka povu. Mwisho alikuwa amesimama tena, ameinama na mikono magotini, akisimamia mfereji wa kitambaa kama anavyosimamia wa kweli, na wale wanaume watatu wakitoa maoni juu ya kahawa. Mmoja alisema kahawa ya picha imebeba kuliko yake.

"Na kufuli?" Baba Mwenda akauliza alipofika kwenye mlango.

Mwenda alijikuna kichwa kwa ncha ya brashi. "Baba, hii brashi ya mkonge ni nene. Kufuli haiwezi kuingia."

Hiyo ilikuwa kweli tupu, nami kama mwalimu wa sanaa nilithibitisha. Baba Mwenda akaguna, akasema basi, hata hivyo ni picha tu. Kitambaa kiliondoka Jumatatu.

Sasa msidhani maji yalifunguliwa wiki hiyo. Nawajua, mnapenda mambo yaishe haraka. Kufuli lilibaki mahali pake. Kathure aliendelea kwenda mtoni na punda. Lakini watoto walirudisha kandanda lao bila kumwuliza mtu, kwenye ule uwanja wa kanisa, na padri alipoteza kioo kimoja cha dirisha kwa ajili ya amani.

Miezi mingine ikapita. Halafu jioni moja simu yangu ikalia na picha ikaingia kwenye WhatsApp. Kitambaa chetu, kimetundikwa kwenye ukumbi wa shule huko Japani, kimejaa chote. Nilikuza picha kwa vidole, nikaikuza tena, nikaenda kumwonyesha jirani yangu, kisha jirani wa jirani. Wale watoto wa Japani hawakujua habari za kesi. Waliona tu buluu imefika mwisho wa nusu yetu, na kama watoto wenye akili, wakaendelea nayo. Mfereji wetu ulivuka katikati ya kitambaa, ukaingia kwenye mashamba yao ya mpunga, ngazi kwa ngazi, na pale walikuwepo bibi wenye kofia za majani wameinama, na vyura, na mtoto aliyelala kivulini kando ya punda mmoja mdogo. Walikuwa wamemchora punda wetu. Ameogeshwa na kuvishwa kofia.

Nilikwenda Meru mjini nikaichapisha picha kwenye benari kubwa, ile wanayochapisha wanasiasa nyuso zao, na tukawaita wazazi wa shule zote mbili pale kanisani. Walikuja. Walikaa pande mbili, juu huku na chini kule, kama watu wa harusi wasiojuana. Benari ikafunuliwa. Watoto wakapiga kelele kila mmoja akionyesha kahawa yake. Baba Mwenda alitoka kwenye kiti chake, akaisogelea, akaufuata mfereji kwa kidole toka mlimani. Akapita kwenye mparachichi. Akapita kwenye mlango wake. Akavuka, akaingia kwenye mpunga, akafika kwa wale bibi wenye kofia. Akageuka akatutazama, uso umejaa fahari ambayo hakuweza kuificha.

"Kwa hivyo," akasema, "maji yangu imefika mpaka Japani."

Mama Kathure alikuwa ameketi nyuma kabisa, upande wa chini, leso imefungwa kichwani. Mwanamke asiye na maneno mengi.

"Na imepitia kwetu saa ngapi?" akauliza. "Mbona hatukuiona?"

Vichwa vyote viligeuka nyuma. Halafu mtu wa upande wa juu alicheka, si wa chini, nami nilimwona. Ni yule mwenye kahawa isiyobeba. Kisha wote. Walicheka mpaka wakashikana, juu na chini, na padri akalia machozi kwenye kola yake. Baba Mwenda alijaribu kukaza uso. Alishindwa. Alivua kofia, akajifunika nayo, na mabega yake yakawa yanaruka.

Mtu aliyechekwa na jirani zake, naye akacheka nao, hawezi kurudi nyumbani akalinda kufuli. Si lazima mniamini, lakini kamati ilikaa wiki hiyo hiyo, na maji yakapewa siku za juu na siku za chini. Bado wanagombana. Juzi tu walikuwa wanabishania siku za sikukuu ni za nani. Lakini wanabishana wakiwa wameketi.

Kufuli Baba Mwenda aliniletea mimi, na ufunguo wake, akasema nitafute kazi yake. Nililifanya la kuzuia karatasi. Upepo wa shule ya chini ni mkorofi, na kufuli lile ni zito. Nilipostaafu nilikuja nalo hapa, likakaa kwenye meza hii miaka yote nikijua ni langu.

Mwanzoni mwa mwaka huu, pikipiki ilisimama hapo langoni. Kathure. Amekuwa mrefu, amevaa yunifomu mpya, amefunga nyuma ya pikipiki sanduku jipya la bati la bweni. Alikuwa anakwenda kuanza shule ya upili, mkondo wa sanaa, na alipitia kuniaga. Nilimpa chai. Alinionyesha sanduku lake: blanketi, sabuni, na makopo ya rangi, moja la udongo wetu mwekundu. Nikamwuliza analifunga kwa kitu gani, maana bwenini rangi huibwa. Akatazama meza yangu.

"Mwalimu," akasema, "naomba ile kufuli. Kwa gichiaro."

Mimi si wa ukoo ule. Mimi najua, na yeye anajua.

Nikampa, na ufunguo wake.